Mashine Ndogo ya Kuchonga kwa Fedha Chache

Wanachama wenzetu, gunia lisilo alama huzua ugomvi penye mizani. Alama ya mkono hufutika. Kigezo kilichochongwa katika plaiwudi nyembamba hudumu. Kazi hii yaweza kufanywa na mashine iitwayo CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na hesabu za kompyuta. Mashine ya kuchonga kwa hesabu ilionyeshwa Marekani mwaka 1952, nayo ilikuwa kubwa mno. Ya leo hukaa juu ya meza, na seremala aweza kuiunda.

Vinavyotakiwa. Mota tatu za hatua, bao la Arduino Uno lenye programu ya GRBL ipatikanayo bure, vijibao vitatu vya kuendeshea mota, umeme wa volti 12, fito tatu za chuma zenye hesi pamoja na nati zake, na mota ndogo ya kuzungusha kekee. Reli twaweza kuzitoa katika printa mbovu. Hata za mtoto wa meza zafaa kwa kuanzia.

Pasipofaa ubahili. Ni katika kiunzi. Kikitikisika, mkato hupinda hata mota ikiwa na nguvu. Tutumie plaiwudi nene, tukaze kwa bolti, na kila pembe tuipime kwa guni.

Hesabu. Mota ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Fito ya M8 husogeza nati milimita 1.25 kwa mzunguko. Basi 200 ukigawa kwa 1.25 wapata hatua 160 kwa kila milimita. Kijibao kikigawa kila hatua mara 8, andika 1,280 katika programu. Kisha iamuru isogee milimita 100, upime kwa rula. Ikifika 98, usikimbilie kubadili hesabu: huenda nati imelegea, au mota inaruka hatua kwa kuharakishwa. Punguza mwendo kwanza. Nati mbili zilizotenganishwa na springi huondoa ulegevu.

Hadhari. Usichomoe waya wa mota umeme ukiwaka, kwani kijibao huungua. Vaa miwani, jikinge na vumbi, na swichi ya kuzimia iwe karibu na mkono.

Mwisho, kabla ya kufunga kekee, funga kalamu. Kosa la karatasi halina gharama. Kosa la mbao lina gharama.