KUMPELEKA FARASI MCHANGA KWENYE SOMO LA KURUKA VIUNZI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ukisikia habari za Mkenya kuruka viunzi, bila shaka utafikiria mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, zile alizoshinda Amos Biwott katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Lakini je, wajua kwamba asili ya mbio hizo ni farasi? Hapo zamani, huko Ireland na Uingereza, watu walishindana kwa farasi kutoka mnara wa kanisa moja hadi mnara wa kanisa jingine, wakiruka kuta, mitaro na vijito vilivyokuwa njiani. Binadamu wakaja kuiga baadaye, kwa miguu yao wenyewe. Basi leo tumrudie mwenye mchezo, tuone yeye hufundishwaje.

Baba yangu ni saisi katika zizi moja huko Karen, Nairobi. Wenzangu bwenini hunitania ati nanuka nyasi kavu. Sina neno. Harufu hiyo ndiyo inayonilipia karo. Wakati wa likizo mimi humsaidia baba kazi, na mwenye zizi huniruhusu kupanda farasi. Miongoni mwao yumo mmoja wa miaka minne aitwaye Radi. Usiku aliozaliwa, baba alikesha naye na taa ya mkono hadi kukapambazuka. Radi alikua pale pale zizini, rafiki yake akiwa farasi jike mmoja mzee ambaye hakuachana naye hata siku moja.

KOSA LANGU

Likizo ya Agosti iliyopita nilitumwa nimpeleke Radi kwenye somo la pamoja la kuruka viunzi, uwanja wa jirani. Nyumbani alikuwa amesharuka viunzi vidogo bila matata. Nikajiona fundi. Tulifika saa yenyewe ya kuanza, nikaingia uwanjani moja kwa moja, nikajipanga nyuma ya farasi wengine watano ambao Radi hakuwa amewaona maishani mwake.

Mambo yakaharibika mara moja. Farasi mmoja alimpita ubavuni kwa kasi, Radi akaruka pembeni. Wa mbele yake alipoondoka kwenda kuruka, Radi akalia kwa sauti na kuzunguka kama pia. Zamu yetu ilipofika nilimpiga visigino aende. Alisimama kabisa mbele ya kiunzi, kisha, bila kunipa taarifa, akaruka juu kama chura kutoka pale pale aliposimama. Mimi nikabaki mchangani, yeye akakimbilia langoni hatamu zikiburuta.

Sikuumia, ila aibu niliyoiona ni Mungu tu ajuaye. Baya zaidi ni kwamba mwenye farasi alikuwa akitazama. Alimwambia baba kwa upole kwamba farasi akiendelea hivyo itabidi auzwe kabla ya Krismasi. Baba hakujibu. Jioni hiyo alimpiga Radi brashi kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Nilitazamia kugombezwa. Badala yake baba aliniambia, "Mwanangu, wewe umemwuliza maswali mawili kwa wakati mmoja. Umemwuliza kama aweza kukaa na wageni, na kama aweza kuruka. Hata mtu angeshindwa."

Nilikumbuka siku yangu ya kwanza Kidato cha Kwanza. Sanduku sijaliweka chini vizuri, nikasimamishwa mbele ya darasa nijibu swali la hesabu ambalo nilikuwa nalijua tangu shule ya msingi. Sikujibu. Si kwamba sikujua.

KWA NINI FARASI HUOGOPA?

Farasi ni mnyama wa kundi, na porini yeye huliwa. Silaha yake ni kukimbia. Wenzake wakiondoka ghafla, moyo wake humwambia kuna hatari. Macho yake yako kandoni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote kwa mara moja, isipokuwa mahali padogo mbele kabisa ya paji la uso wake na nyuma ya mkia wake. Ndiyo maana kinachotokea nyuma humshtua. Ndiyo maana pia, akikaribia sana kiunzi huku kichwa amekibana, hakioni vizuri. Kwa hivyo farasi anayekataa kuruka si lazima awe mkaidi. Mara nyingi ameogopa, au hakuelewa, au anaumwa.

HATUA ZA KUFUATA

Haya ndiyo niliyofundishwa na baba kwa wiki tatu zilizofuata. Yaandike, huenda yakakufaa.

1. Mkague kwanza. Tazama kwato, mgongo na kinywa, uone kama tandiko linamkaa sawa. Hakikisha amechanjwa dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Kumbuka pia kwamba uti wa mgongo wa farasi haujakomaa kabisa mpaka afikie miaka mitano au sita hivi. Wa miaka minne haruki vya juu wala vingi.

2. Mzoeshe wenzake nyumbani. Tulianza na farasi mmoja mgeni. Mwanzoni walitembea sambamba, halafu mmoja akatangulia, halafu wakapishana, halafu mmoja akaondoka na kurudi. Hili la kuondoka na kurudi ndilo somo lenyewe. Farasi hujifunza kwamba mwenzake akienda, dunia haiishi.

3. Anza na miti iliyolazwa chini. Kwa farasi anayekwenda matiti, iweke ikiachana kama mita 1.3. Akiipita bila kuigonga wala kuharakisha, ameelewa. Asipoipita vizuri, kiunzi kingoje.

4. Fika mapema. Nusu saa si nyingi. Mtembeze kwa mkono kuuzunguka uwanja, auone, aunuse. Mfunge utepe wa kijani mkiani. Hiyo ni alama ya farasi asiye mzoefu. Utepe mwekundu ni wa farasi apigaye teke, huyo mkae naye mbali! Mwambie mwalimu wa somo ukweli kuhusu farasi wako. Usijitie ubingwa.

5. Tunza nafasi. Kati yako na wa mbele acha nafasi ya farasi wawili. Usisimame pua kwa mkia, wala usijibane pembeni. Akianza kuhangaika, usimlazimishe kusimama tuli. Mpe kazi ndogo, kama vile kuzunguka duara kwa hatua za kawaida.

6. Mfuatishe mzee. Mwache farasi mzoefu, mtulivu, atangulie, wa kwako afuate kwa mbali. Kiunzi cha kwanza kiwe miti miwili iliyopishanishwa kama alama ya kuzidisha, katikati kimo cha sentimita 40 hivi. Ukilaza mti mmoja chini mita 2.7 kabla yake, utamsaidia anayekuja matiti kujua pa kuinukia.

7. Usimvute kinywa. Zamani wapanda farasi waliegemea nyuma na kuvuta hatamu hewani, farasi wakaumia. Afisa Mwitaliano, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, ndiye aliyeonyesha kwamba mpandaji anapaswa kuinamia mbele na kumwachia farasi kichwa chake. Ukiogopa, shika singa za shingoni. Tazama mbele, usitazame chini. Ukitazama chini utakwenda chini. Mimi ni shahidi.

8. Acha mapema. Wahenga hawakukosea waliposema haraka haraka haina baraka. Maliza wakati farasi bado anataka kuendelea, si baada ya kuchoka na kukosea. Jambo la mwisho alilofanya ndilo analolala nalo.

SIKU YA PILI

Baada ya wiki tatu tukarudi uwanja ule ule. Mwenye farasi alikuja tena, akasimama kando ya ua amekunja mikono. Tumbo langu lilikuwa likinguruma kuliko jina la farasi wangu.

Tulifika mapema, tukazunguka uwanja kwa miguu mara mbili. Somo lilipoanza na farasi wa kwanza akaondoka, Radi aliinua kichwa na kulia, kama ile siku. Safari hii sikumkaba. Nilimzungusha polepole, mpaka yule farasi akarudi. Wa pili akaondoka, akarudi. Wa tatu alipoondoka, Radi alimtazama tu, masikio yakicheza. Hapo nikajua swali la kwanza amelijibu.

Tukapita miti ya chini. Kisha, nyuma ya farasi mmoja mzee wa kijivu, tukaruka kile kiunzi cha sentimita 40. Radi alikiruka kama anayeruka mto mpana, nami nikazishika singa kwa vidole vyote kumi. Mara ya pili akaruka vizuri zaidi. Mara ya tatu aliruka kama mtu avukaye kizingiti cha nyumba yake.

Wenzetu walipandishiwa viunzi. Mwalimu akaniuliza kama nami niko tayari. Nilitaka kusema ndiyo! Mwenye farasi alikuwa pale, na nilitamani aone. Nikamtazama baba langoni. Hakusema kitu, alivua tu kofia yake. Nikaelewa. Nikashuka, nikalegeza mkanda wa tandiko, tukasimama kando kuwatazama wengine. Radi alisimama nami hadi mwisho, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha.

Tulipokuwa tukiondoka, mwenye farasi alimwuliza baba neno moja tu, "Wiki ijayo ni saa ngapi?" Mpaka ninapoandika makala haya, Radi yungali zizini, na baba bado humpiga brashi kila jioni.

MSAMIATI

Saisi: mtu atunzaye farasi.
Lijamu: chuma kinachotiwa kinywani mwa farasi.
Hatamu: kamba za ngozi zilizofungwa kwenye lijamu. Ndipo tukapata msemo "kushika hatamu za uongozi".
Singa: nywele ndefu za shingo au mkia wa farasi.
Kwenda matiti (usicheke!): mwendo wa farasi wa kukimbia polepole.
Kwenda shoti: kukimbia kwa kasi sana.

MASWALI

1. Baba alimaanisha nini kwa "maswali mawili kwa wakati mmoja"?
2. Kwa nini msimulizi alishuka kabla ya wenzake?
3. Tumia kila neno la msamiati katika sentensi yako mwenyewe.