Ibada ya Kumenya Viazi

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutungapo mashairi ya dini huanza kwa mawaidha na kumaliza kwa mawaidha. Naomba tujifunze kwa Seamus Heaney wa Ireland (1939–2013), aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Katika mashairi yake ya “Clearances” (1987) anamkumbuka mamaye, aliyefariki mwaka 1984. Padre anasali kando ya kitanda, jamaa wanaitikia, wengine wanalia. Mtunzi anakumbuka utoto wake: wenzao wakiwa kanisani, yeye na mamaye walimenya viazi pamoja, kimya. Naona haikatai sala ya padre; aonyesha kuwa upendo ule nao ulikuwa ibada. Basi tutaje kwanza kazi tuliyoishika kwa mikono; mawaidha yatajitokeza yenyewe.