Itambue Mikoko ya Pwani Yetu
Kijitabu kwa wakazi wa Tegeta, Kunduchi, Ununio na Mbweni

Bahari ikipwa, tazama tope lililo chini ya mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko. Vijiti vilivyochomoza kwa mamia, vyembamba kama penseli, ni mizizi, na kazi yake ni kupumua. Tope la pwani limelowa maji ya chumvi na halina hewa, kwa hiyo mchu huipandisha mizizi juu ili ivute hewa kupitia vitundu vidogo vya gome. Lori chache za kifusi, au takataka za plastiki zilizolundikana hapo, zinatosha kuuua mti ambao hakuna aliyeugusa kwa shoka.

Pwani ya Tanzania ina aina zipatazo kumi za miti ya mikoko. Kuzitambua anzia kwenye mizizi.

Mkoko wenyewe huteremsha mizizi mirefu kutoka kwenye shina na matawi, ukasimama juu yake hata mawimbi yakipiga. Mlilana, unaopenda kukaa mbele kabisa upande wa bahari, una mizizi ya kupumulia kama mchu, ila yake ni minene, mipana chini na iliyochongoka juu. Maua yake meupe hufunguka usiku. Mizizi ya msinzi hujipinda, ikatokeza juu ya tope na kuzama tena. Ua lake lina kikombe chekundu. Mkomafi hutambulikana kirahisi kwa tunda lake la mviringo, kubwa kuliko chungwa, lenye mbegu za pembepembe zilizobanana ndani.

Majani nayo yanaeleza mengi. Geuza jani la mchu: chini ni la kijivu kinachoelekea weupe. Lilambe, utaonja chumvi, kwa kuwa mchu huinywa na kuitoa kupitia majani. Mkoko huzuia sehemu kubwa ya chumvi mlangoni, kwenye mizizi. Mchu huota kando ya bahari na pia nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu.

La ajabu zaidi ni uzazi wa mkoko. Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, ikatoa mche mrefu wa kijani unaoweza kuzidi sentimeta 30, kisha ukadondoka. Ukikuta tope, hushika. Ukikuta maji, huelea hadi ufuko mwingine. Msinzi na mkandaa, aina nyingine ya mikoko, huzaa vivyo hivyo. Gome la mkandaa limetumika tangu zamani kutia rangi na kulainisha ngozi.

Tunahimiza upandaji, lakini upandaji wa kukurupuka hupoteza nguvu za watu. Mche wa mkoko uchomeke theluthi moja kwenye tope, ncha iliyochongoka ikiwa chini, mahali maji yanapojaa na kupwa kila siku; kwenye mchanga mkavu utakufa. Mchu na mlilana ni vyema ikuzwe kwanza kitaluni.

Mikoko ni misitu ya hifadhi, chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuikata bila kibali ni kosa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda pia ukanda wa meta 60 kutoka ufukweni. Anayeuziwa kiwanja huko Ununio au Mbweni apime kwanza umbali huo kabla ya kutoa hata shilingi.