Moto wa Jua Ndani ya Chombo

Tangu zamani za kale watu wameota jua bila kujua ni kuni gani ziwakazo huko zisizokwisha. Siku hizi wataalamu wamekwisha kuujua moto huo. Jua haliunguzi kuni wala makaa. Ndani yake chembe ndogo mno za gesi ya haidrojeni husongamana na kuungana, na zikiungana hutoa joto na mwanga. Kwa zaidi ya miaka 70 mabingwa wa mataifa mbalimbali wamejaribu kuuwasha moto wa namna hiyo hapa duniani, ili joto lake lichemshe maji, na mvuke wake uzungushe mitambo ya kutoa umeme. Makala haya yaeleza kazi hiyo imefika wapi, na kwa nini haijakwisha.

Kupasua na kuunganisha

Yafaa kwanza msomaji atofautishe mambo mawili. Mitambo ya atomiki itoayo umeme leo hupata nguvu zake kwa kupasua chembe nzito, kama zile za uraniamu. Kazi tunayoieleza hapa ni kinyume chake, yaani kuunganisha chembe nyepesi. Nayo ni ngumu zaidi, kwa kuwa viini vya atomu vyote vina umeme wa namna moja, na vitu vya namna hiyo husukumana, kama sumaku mbili zilizoelekezana ncha zilizo sawa. Ili vigongane na kushikamana, havina budi kwenda mbio mno, na mbio hizo hutokana na joto. Katikati ya jua joto ni kama digrii milioni 15. Duniani, ambapo hakuna uzito wa jua wa kuikandamiza gesi, joto litakiwalo ni digrii milioni 100 na zaidi.

Je, ni chombo gani kiwezacho kuuchukua moto huo, hali chuma huyeyuka kabla ya kufika digrii 1,600? Jibu ni kwamba gesi isiachwe iguse ukuta. Gesi yenye joto jingi hivyo huitwa plasma. Chembe zake zina umeme, kwa hiyo zaweza kuongozwa kwa sumaku. Katika miaka ya 1950, Igor Tamm na Andrei Sakharov wa Urusi ya Kisovieti walibuni chombo chenye umbo la pete, mfano wa mpira wa gurudumu, kilichozungukwa na sumaku zenye nguvu. Chombo hicho huitwa tokamaki.

Furaha ya haraka

Waingereza nao walijenga mtambo wao huko Harwell, wakauita ZETA. Januari 1958 ilitangazwa kwamba yaelekea mtambo huo umekwisha kuunganisha atomu, na magazeti yakashangilia. Lakini miezi michache baadaye wataalamu wale wale, baada ya kurudia vipimo vyao, waliona kwamba chembe walizozihesabu hazikutokana na joto la plasma kama walivyodhani. Wakakiri mbele ya ulimwengu kuwa walikosea.

Somo hilo halikusahauliwa. Mwaka wa 1968 Warusi waliposema kwamba tokamaki yao iitwayo T-3 imepata joto kubwa kupita mitambo mingine, wengi hawakusadiki. Mwaka wa 1969 mabingwa wa Culham, Uingereza, wakasafiri mpaka Moscow na vyombo vyao vya kupima joto kwa mwali wa leza, wakathibitisha kuwa maneno ya Warusi ni kweli. Tangu hapo nchi nyingi zikaanza kujenga tokamaki.

Hesabu ya faida na hasara

Tokamaki iliyoitwa JET, huko Culham, ilianza kazi mwaka wa 1983. Mwaka wa 1997 ilitoa megawati 16 za nguvu, lakini ilitiwa megawati 24 za kuipasha moto. Mwaka wa 2023, kabla ya kufungwa, ilitoa megajuli 69 katika muda wa sekunde 5 hivi, kwa miligramu 0.2 tu za gesi. Joto hilo ni sawa na la kilo mbili na zaidi kidogo za makaa. Hata hivyo mtambo uliendelea kula kuliko ulivyotoa.

Huko Livermore, katika jimbo la California, Wamarekani hutumia njia nyingine: hupiga kidonge kidogo cha gesi kwa miali ya leza. Tarehe 5 Desemba 1922 haikujua jambo hili, wala miaka mingi iliyofuata. Ni tarehe 5 Desemba 2022 ndipo kidonge kilipotiwa megajuli 2.05 kikatoa 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza. Lakini leza zenyewe zilikula umeme wa megajuli 300 hivi. Ni kama mama lishe aliyenunua kuni za shilingi 300, akauza chai ya shilingi 3. Chai imeiva kweli, lakini biashara bado.

Kazi iliyobaki

Mtambo mkubwa kupita yote unajengwa kusini mwa Ufaransa, nao huitwa ITER. Umoja wa Ulaya, Uchina, Uhindi, Ujapani, Korea ya Kusini, Urusi na Marekani walitia sahihi mapatano yake mwaka wa 2006. Unatumainiwa kutoa megawati 500 za joto kwa megawati 50 za kuipasha plasma, ingawa hautatoa umeme. Plasma yake itakuwa na digrii milioni 150, na mita chache tu kutoka hapo sumaku zitapozwa mpaka digrii 269 chini ya sifuri. Mafundi waligundua nyufa katika mabomba ya kupozea, na vipande vya chombo ambavyo kingo zake hazikulingana kwa kuunganishwa. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba utafiti utaanza mwaka wa 2034, na moto kamili mwaka wa 2039.

Mambo mawili mengine yangali magumu. La kwanza ni ukuta. Chembe ziitwazo nyutroni hazizuiliwi na sumaku; huupiga ukuta, huudhoofisha, na kuufanya utoe miali ya hatari. La pili ni gesi yenyewe. Deuteriamu yapatikana katika maji ya bahari, kama gramu 33 katika kila tani. Lakini mwenzake, tritiamu, ni adimu, na nusu yake hupotea kila miaka 12 hivi. Haina budi kutengenezwa ndani ya mtambo kwa nyutroni kuipiga lithiamu, na hakuna mtambo uliokwisha kujitosheleza kwa njia hiyo.

Faida yake, ikipatikana, ni kubwa: haitoi moshi, na plasma ikivurugika huzimika yenyewe. Kwa hiyo msomaji akisikia tena habari za jua lililofungwa chomboni, na aulize maswali mawili: umeme uliotiwa katika mtambo mzima ni kiasi gani, na uliotoka ni kiasi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha siku ya kushangilia.