Usikisie, Mtazame: Kujua Anachopenda Mtoto Mwenye Usonji

Mtoto mwenye usonji asiyezungumza huitwa mkaidi anapokataa kujifunza, kumbe tuzo anayoahidiwa haimvutii. Mwaka 1996, watafiti DeLeon na Iwata wa Marekani walichapisha njia rahisi ya kujua anachopenda. Mzazi wa Mwembe Tayari hahitaji vifaa vya bei ghali: mpira, kigari, leso, kengele na kifuniko cha sufuria vyatosha.

1. Mwache ashike kila kimoja kwanza.
2. Vipange mstari mmoja mbele yake, achague kimoja.
3. Acheze nacho kama nusu dakika, kisha kiondoe. Vilivyobaki vibadilishe nafasi, achague tena hadi viishe.
4. Andika kilichotangulia na kilichofuata. Rudia siku nyingine, kwani mapendeleo hubadilika.

Usichanganye chakula na vitu vya kuchezea. Mara nyingi chakula hushinda.

Kinachotangulia mara nyingi ndicho kiwe tuzo. Mpe papo hapo anapojitahidi, kwa mfano akivaa kiatu mwenyewe. Mlo, maji na kukumbatiwa visifanywe tuzo. Hivyo ni haki yake kila siku.

Kwa tathmini zaidi, wazazi wafike kituo cha tathmini ya elimu maalum (EARC).