Kupima Mwendo wa Mifupa

Mkazi wa Shirimatunda anayeumwa mgongo huweza kupigwa picha za eksirei katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Picha moja hupigwa akiinama, nyingine akijinyoosha. Daktari hupima pembe baina ya pingili katika kila picha. Tofauti ya pembe hizo ndiyo mwendo wa pingili.

Lakini hakuna kipimo kisicho na kosa. Tuseme picha moja imepimwa mara tatu, ikatoa nyuzi 20, 22 na 21. Basi tofauti ya uzi 1 haithibitishi kwamba pingili imesogea. Daktari akisahau hayo, aweza kumpasua mtu asiyestahili kupasuliwa.

Jaribio: Chora pembe. Wenzako watatu waipime kwa kipimapembe. Je, majibu yao yamelingana?