Pima Sensa Kabla ya Kununua Bodi

Kiyoyozi cha maabara yetu kiligoma wiki ya mitihani, kikionyesha hitilafu ya sensa ya joto (si ile ya kuhesabu watu). Fundi akataka tununue bodi mpya. Nikaomba mita kwanza.

Zima umeme, chomoa sensa kwenye bodi, pima ukinzani. Nyingi husoma takriban kiloomu 10 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, zingine 5. Kitabu cha mashine kitakwambia. Ukiishika kiganjani, namba ishuke taratibu. Ya kwetu, ile inayogusa bomba, haikusoma kitu: imekatika ndani. Nikachomeka rezista ya kiloomu 10 mahali pake, nikawasha, hitilafu ikapotea. Sasa bodi ina kosa gani, jamani? Rezista ni ya kupimia tu, usiiache humo. Sensa mpya iwe ya thamani ileile, na irudi kwenye kishikio chake ikigusa bomba.